Kishindo Ambacho Hakikuwapo

Wekesa aliniletea daftari lake la insha Jumapili, baada ya ibada. Aliliweka mezani kando ya kikombe changu cha chai, akasimama hapo mikono nyuma kama karani anayengoja sahihi. Ni mjukuu wa shangazi yangu Naliaka, dada mdogo wa baba yangu, ambaye sisi watoto tulimwita Senge na hadi leo hatujui kumwita vingine. Senge ana ploti yake hapa nje kidogo ya mji wa Kitale, na mimi humtembelea kila nikija huku kikazi. Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika habari, ukoo mzima umeamua kwamba mimi ndiye mwenye Kiswahili. Kadi za arusi, barua za kuomba ruhusa shuleni, hotuba za mazishi, zote huletwa kwangu.

"Anti, nisomee haraka," Wekesa akasema. "Kesho ndio tunapeana."

Nikasoma. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba alishtuliwa usingizini na kishindo kikubwa mithili ya radi. Mistari minne chini, mlango ulifungwa kwa kishindo. Ukurasa wa pili, wageni waliwasili kwa kishindo, na mwishoni kabisa timu ya shule yao ikashinda mechi, kwa nini tena kama si kwa kishindo. Mara nne katika kurasa mbili. 

Naomba nieleweke. Neno lenyewe sina ugomvi nalo. Kishindo ni sauti nzito: gogo likikatwa na kulala chini, ng'ombe dume akikanyaga ubao wa daraja, ukuta wa udongo ukikubali mvua na kuketi. Ni neno linalohitaji vitu viwili, kitu kizito na ardhi ya kukipokea. Katika hadithi tulizosimuliwa, zimwi lilikuja kwa vishindo, na mtoto aliyekuwa na akili alisikia, akahesabu, akajua amebakiwa na muda gani wa kujificha. Msimulizi mzuri alilitoa neno hilo mara moja tu, akanyamaza, akakuacha ulisikie tumboni. Leo limekuwa kama chumvi mikononi mwa mpishi mlevi. Kiongozi hawezi kushuka garini ila kwa kishindo. Mwimbaji anarejea kwa kishindo, shule inafunguliwa kwa kishindo, na siku moja mwandishi mwenzangu aliniletea habari kwamba bei ya nyanya imeshuka kwa kishindo. Nikamwuliza kama amewahi kuwasikia wauza nyanya wa soko la Kitale siku bei inaposhuka. Bei ya nyanya hushuka kimya kabisa. Ndiyo sababu inaumiza.

Hayo yote ningeweza kumwambia Wekesa. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Lakini upepo ukaingia kwa dirisha, ukaleta vumbi la mahindi ya Senge yaliyopigwa jana yake uani, lile vumbi jepesi linalowasha shingo na kunuka kama unga na panya kwa pamoja. Nikafunga kinywa changu. Katika ukoo wetu wote, mtu wa mwisho mwenye haki ya kumgombeza mtoto kwa sababu ya kishindo ni mimi.

Nilipokuwa na umri wa Wekesa nilikaa miaka miwili kwa nyanya yangu, Bungoma, upande wa Kibabii. Baba alifanya kazi ya stoo ya mahindi huku Kitale, mama alikuwa na mtoto mchanga, nikaonekana mkubwa wa kutosha kupelekwa kumsaidia Kukhu, yaani nyanya. Kukhu alikuwa mwanamke mpana, mwenye mwendo wa kutua, na sauti iliyoweza kumwita kuku wa jirani akaja. Katika boma hilo alikuwamo pia Senge, aliyekuwa amerudi kutoka kwa mumewe na watoto wawili na sanduku moja la bati. Kwetu, binti aliyerudi nyumbani hupewa chakula na hupewa kazi, lakini hapewi usingizi. Kila kilichovunjika ni yeye. Kila kuku aliyepotea ni yeye. Kaka zake walikuja Jumapili, wakakaa, wakala, na kabla ya kuondoka mmoja wao aliuliza hewani, bila kumtazama, "Kwani huyu atarudi kwake lini?" Kukhu ndiye aliyewajibu kila mara: "Siku nitakayomfukuza mimi."

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa Kiswahili ambaye nitamwita Mwalimu Simiyu. Alikuwa mtu wa bidii, na bidii yake ndiyo iliyotuponza. Alikuwa amebandika ukutani karatasi ngumu za rangi, na juu yake, kwa kalamu nene, maneno ya insha bora. Ghafla bin vuu. Nilitimua mbio mithili ya swara. Machozi yalinitiririka njia mbili mbili. Na katikati, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari mara mbili, KISHINDO. Tulikariri karatasi zile kama Sala ya Bwana. Insha isiyokuwa na angalau mapambo matano ilirudi na alama ishirini kwa arobaini na neno moja la wino mwekundu: "Kavu."

"Insha bila kishindo," alipenda kusema, "ni ugali bila mboga. Utakula, ndiyo. Lakini utaitwa mtu?"

Siku alipotufundisha neno hilo aliinua kifutio cha ubao, kile kizito cha mbao, akaibamiza meza kwa nguvu zake zote. Vumbi la chaki likapaa. Msichana wa mbele, Nanjala, akapiga ukemi.

"Hicho ndicho kishindo!" Mwalimu akasema, ameridhika. "Mkisikia hicho, jueni kuna jambo!"

Mtoto hulishika lile usilodhani atalishika. Wenzangu walishika neno. Mimi nilishika sheria. Niliondoka darasani nikiamini kwamba mambo makubwa hubisha hodi, kwamba msiba hauwezi kuingia nyumbani bila kuibamiza meza kwanza. Mwalimu huyohuyo alitufundisha kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama, na kwamba debe tupu haliachi kuvuma, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinua mkono kuuliza simba huyo na kifutio kile vinaishije katika darasa moja.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na insha ya nyumbani: "Siku Ambayo Sitaisahau." Mahindi yalikuwa yamevunwa. Senge na jirani yetu mmoja walikuwa uani mbele ya nyumba, wakiyapiga. Wanaoyajua mahindi ya mashine pekee hawaijui kazi hiyo: unajaza mahindi kwenye gunia, unalifunga mdomo, unalipiga kwa fimbo nzito huku ukiligeuza, hadi punje ziachane na gunzi. Wanawake wawili wakipokezana, mmoja anainua mwingine anashusha, na boma zima linapiga kama moyo. Kukhu alikuwa jikoni, lile jiko la nje la udongo, ameinjika maharagwe. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko hilohilo, kwenye kigoda, chini ya migomba, daftari magotini, nikitafuta siku ambayo sitaisahau. Sikuwa nayo. Maisha yangu yote hayakuwa na siku ya alama zaidi ya ishirini. Kwa hiyo nilikuwa nimebuni lori. Lilikuwa linapinduka kwenye barabara ya Webuye, ambako nilikuwa nimepita mara mbili tu, nimelala, na nilikuwa nimefika mahali ambapo linagonga lami, nikilamba ncha ya penseli, nikijiuliza kishindo chake nikifananishe na radi au na mlima kuporomoka.

Hapo ndipo nilipoisikia sauti. Kwanza kitu kama kukwaruza, kama mtu anayefuta ukuta kwa kitambaa, polepole. Kisha pu. Pu moja, ndogo, kama gunia la nusu linapotuliwa chini na mtu mwangalifu. Ukuta ulikuwa hatua mbili kutoka mgongoni pangu. Nakumbuka kwamba niliinua kichwa. Nakumbuka wazo langu, neno kwa neno: Kukhu ameshusha maharagwe ya kesho. Nikarudi kwa lori langu.

Nilipoketi pale kivuli cha paa kilikuwa kimefunika miguu yangu. Kilikuwa kimeivuka migomba na kufika kwenye ua wa nyuma wakati Senge alipoacha fimbo, akanusa, na kusema kwa sauti, "Mama, maharagwe yanaungua!" Kisha nikamsikia akikimbia.

Kukhu alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, miguu imenyooka mbele yake kama ya mtoto anayechezea mchanga. Macho yalikuwa wazi. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelegea, na alipojaribu kusema, mdomo ulitoa mate tu. Senge alipiga magoti, akaushika uso ule kwa mikono yake yenye vumbi la mahindi, akaanza kumwita mamake kwa majina ambayo sikuwahi kuyasikia, majina ya utoto wake.

Mimi nilisimama mlangoni, nikatazama. Nadhani nilizaliwa hivyo. Wengine hulia, mimi hutazama. Na nilichokiona hakijanitoka. Ukuta wa jiko lile ulikuwa mweusi kwa masizi ya miaka, mweusi wa kung'aa. Kuanzia usawa wa bega la mtu mzima hadi chini pale alipoketi Kukhu, kulikuwa na mistari mitano myekundu, rangi ya udongo uliokuwa chini ya masizi. Vidole vitano. Alikuwa amejishikilia. Alikuwa ameteremka na ukuta polepole, akijishikilia mpaka sakafuni. Walipomtoa nje kwa machela ya blanketi, nilibaki nyuma, nikaupandisha mkono wangu kwenye mistari ile, nikaifuata kutoka juu hadi chini. Niliinuka na vidole vyeusi.

Hospitalini walisema angeletwa mapema pengine sehemu ya maneno ingerudi. Pengine. Neno dogo kama hilo, na baba na kaka yake wakalichukua wakalirudisha nyumbani kama mtu aliyepewa panga.

Jumapili jioni nililichana lori langu. Sasa nilikuwa na siku. Niliandika kwa kasi, na kila kitu nilichokuwa nimekariri kikaja chenyewe, kama kuku wa Kukhu. Ghafla bin vuu, nilisikia kishindo kikubwa mno, kishindo kilichotikisa ardhi, hata ndege wakaruka mitini. Nilitimua mbio mithili ya swara hadi jikoni. Nikampata nyanya yangu mpenzi amelala chali. Machozi yalinitiririka njia mbili mbili. Shangazi yangu alikuwa akipura mahindi hatua chache tu kutoka pale. Kuhusu vidole ukutani nilikuwa nimeandika sentensi moja: kulikuwa na alama ya mkono kwenye masizi. Nikaisoma tena, nikaona haina pambo lolote. Nikatafuta kwenye kichwa changu karatasi ya rangi yenye neno la kufaa, sikuipata. Nikaifuta kwa raba, nikapuliza makombo yake.

Nikitaka kujikasirikia vizuri, siku za leo, ndiyo sentensi ninayoirudia. Ilikuwa sentensi ya kweli pekee katika insha nzima.

Mwalimu Simiyu alinipa thelathini na sita kwa arobaini. Hakuna mtu darasani aliyewahi kuvuka thelathini na mbili. Chini aliandika kwa wino mwekundu: "Hongera! Kishindo nimekisikia hadi hapa! Mzazi atie sahihi." Aliniambia pole kwa ajili ya nyanya, halafu akanisimamisha mbele, nikasoma, na kila nilipofika kwenye kishindo alinipa kifutio niibamize meza.

Mzazi alikuja Jumapili iliyofuata. Baba alitoka Kitale, kaka yake mkubwa, Baba Barasa, akatoka nyumbani kwake ng'ambo ya mto pamoja na mkewe. Walikuja kukata shauri ni nani atakayekaa na Kukhu, ambaye alikuwa amerudishwa nyumbani na kulazwa chumba cha pili, haongei. Senge aliwapikia. Waliomba, wakala, yale mazungumzo yakiwa yamekaa katikati yao bila mtu wa kuyaanza. Nadhani baba alitaka tu kupunguza uzito. Nilikuwa nimempelekea daftari atie sahihi, akaona alama, uso wake ukafunguka.

"Aa! Thelathini na sita! Hebu simama hapa, mama. Wasomee. Ameandika juu ya mama yetu."

Alikuwa akiniita mama kwa sababu ndimi niliyepewa jina la Kukhu. Nikasimama katikati ya chumba. Nilikuwa na furaha, na ni lazima niliandike hilo pia: nilikuwa na furaha. Nikasoma kama tulivyofunzwa, kwa kidevu juu na mkono mmoja huru. Nilipofika kwenye kishindo nikaibamiza meza kwa kiganja. Vikombe vikaruka.



"Rudia hapo," Baba Barasa akasema.

Nikadhani amependa. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Nikaibamiza meza tena.

Baba Barasa akamgeukia Senge, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia. "Naliaka. Wewe si ulituambia hukusikia kitu?"

"Nilisema sikusikia kishindo, ndugu yangu."

"Huyu mtoto amesikia. Mpaka ndege waliruka. Na wewe ulikuwa hapo hapo nje."

"Nilikuwa napiga mahindi."

"Kwa hivyo masikio ulikuwa umewekea mahindi?"

Mkewe, ambaye hadi hapo alikuwa akichokonoa meno kwa utulivu mkubwa, akasema bila kuinua macho, "Ati hakusikia. Si alisikia vizuri. Alikuwa anangoja mama aende, abaki na hii boma."

"Wewe!" baba akasema, lakini si kwa nguvu.

Senge aliliweka sinia chini. Aliliweka polepole sana, halikutoa hata mlio. Kisha akanitazama mimi, siyo wao. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama anavyouliza mtu aliyepoteza kitu na anadhani labda wewe umekiona.

"Mwanangu, kweli ulisikia hivyo?"

Hapo palikuwa na mlango na nilijua ulikuwa mlango. Ningeweza kusema: hapana, Senge, ilikuwa kitu kidogo, hata mimi niliketi. Lakini kusema hivyo kungekuwa kusema kwamba niliketi. Kwamba sikutimua mbio mithili ya chochote. Na daftari lilikuwa wazi mkononi mwangu, na thelathini na sita ilikuwa pale, nyekundu, imezungushiwa duara. Nikalitazama lile duara.

"Ndiyo," nikasema.

Kukhu alikuwa chumba cha pili, ukuta mmoja kutoka kwetu, na masikio yake yalikuwa mazima. Siku ya kumfukuza Senge ilikuwa imefika, na yule aliyekuwa na haki ya kuitangaza hakuwa na ulimi.

Aliondoka Jumanne na watoto wake wawili na lile sanduku la bati. Hakuna aliyemsukuma nje. Walimwambia tu kwamba mke wa Baba Barasa ndiye atakayemhudumia mama, na kwamba vyumba ni vichache. Alikuja Kitale, akaenda shamba hadi shamba msimu wa mavuno, akipiga mahindi ya watu. Kazi ileile, uani kwa wengine. Kukhu alifariki kabla ya kupanda kwingine. Senge alikuja mazikoni, akaketi na majirani, hakuketi na mabinti. Jiko lilikuwa limepakwa udongo upya kwa ajili ya waombolezaji. Niliingia kuutafuta ule mkono, nikakuta ukuta safi, mwekundu wote, bila alama.

Sasa ni mwanamke mwenye ploti, mahindi yake mwenyewe, na mjukuu anayeandika kwamba timu yao ilishinda kwa kishindo. Miaka yote hii ninakuja, ananipikia, ninamletea sukari na sabuni, na hatujawahi kulitaja lile jambo. Nimeandika habari za watu nisiowajua kwa uangalifu ambao wahariri wangu huuita ukaidi. Ninakwenda mahali mara mbili. Ninapima hatua. Na shangazi yangu mwenyewe sijawahi kumpa hata sentensi moja ya masahihisho.

"Anti," Wekesa akasema. "Umemaliza ama?"

"Toa hivi vishindo. Acha kimoja. Hata hicho kimoja sidhani."

"Ai! Anti! Nikitoa ticha ananipea ishirini."

"Hii radi uliisikia?"

"Hapana. Lakini si ni insha, bana."

"Uliamkaje basi, hiyo siku?"

Akafikiri. "Niliamka tu. Kuku wa nyanya, yule anaitwa Gogo, alikuwa ameingia ndani."

"Basi andika kuku ameingia ndani."

"Anti, hiyo haina maksi. Hakuna mtu anaandikanga hivyo. We unataka nifeli."

Senge alikuwa kwenye mlango wa nje akipepeta mahindi kwa ungo, akicheka kimyakimya. "Mwachie mtoto alama zake," akasema. "Wewe si ulipata thelathini na sita?"

Alisema hivyo bila uzito wowote, kama mtu anayetaja mvua ya mwaka jana. Nilikuwa sijui kwamba alizikumbuka alama. Nikakiweka kikombe chini.

"Senge," nikasema. "Kishindo hakikuwapo."

Ungo ukaendelea. Punje zikaruka, zikashuka.

"Ilikuwa kitu kidogo. Nilikuwa nyuma ya jiko. Nilisikia kitu kama gunia kimewekwa chini. Nikaketi tu. Sikukimbia. Na mkono wake ulikuwa kwenye masizi, Senge, alishuka na ukuta, hakuanguka. Niliuona. Niliuandika nikaufuta."

Nilikuwa nimeyatayarisha maneno hayo kwa miaka, na yalitoka yote kwa pumzi moja, vibaya, mbele ya mtoto. Nilingoja. Nilikuwa tayari kwa kilio na nilikuwa tayari kwa kufukuzwa. Yeye alipuliza makapi kwanza, akautazama ungo kama kuna jiwe lililobaki.

"Najua," akasema. "Na mimi nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Hiyo hiyo. Tulikuwa tumesimama kidogo, mwenzangu anafunga gunia. Nikasikia pu. Nikasema, mama ametoa maharagwe." Akaokota jiwe, akalitupa nje. "Waliniuliza kama nilisikia kishindo. Kishindo sikusikia. Hakuna mtu aliniuliza nilisikia nini."

"Si ungesema!"

"Ningesema nini? Na wewe ulikuwa umegonga meza?"

Nilikasirika. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Nilimkasirikia yeye kwa kukaa na jibu hilo miaka yote kama mtu anayehifadhi mbegu, nikamkasirikia baba kwa "wewe!" yake isiyo na nguvu, na Mwalimu Simiyu na kifutio chake, na yule mtoto aliyesimama katikati ya chumba akitazama duara jekundu. Nilitaka Senge apige kelele hata mara moja. Akauliza kama niongezewe chai.

Wekesa alikuwa amerudi kwenye daftari lake. Alikuwa akifuta kitu, nikatumaini, kumbe alikuwa akibadilisha kishindo cha ukurasa wa pili kuwa kishindo kikuu.

Ndipo huko jikoni kitu kikakwaruza ukuta, polepole, halafu pu. Ndogo.

Nilikuwa nimesimama kabla sijajua nimesimama. Senge alikuwa ametupa ungo; mahindi yalisambaa sakafuni yote. Tulifika kwenye mlango wa jikoni pamoja, mabega yakagongana, hakuna aliyempisha mwenzake, tukaingia ubavu kwa ubavu kama watu wanaokimbia mvua. Jikoni hapakuwa na mtu. Mwiko wa ugali ulikuwa umeteleza kutoka kwenye msumari wake, ukashuka na ukuta, ukalala chini.

Senge alikishika kifua chake kwa mkono mmoja. Kisha akainama, akauokota mwiko, akaufuta kwa leso, akautundika tena. Aliujaribu msumari kwa kidole. Mimi nilikuwa bado nimeushika ukuta.

"Kwani ni nini?" Wekesa akaita kutoka mezani. "Mimi sijasikia kitu."

"Mwiko umeanguka," Senge akamjibu.

Tukasikia penseli ikisimama.

"Mwiko?" akasema. "Sasa mwiko ndio mmekimbilia hivyo?"